Anzia nyuma: alaimenti ya gari la rimoti kwenye lami ya Dar

Kila ninapokutana na watu wa magari ya rimoti hapa Dar, iwe kwenye maegesho yaliyo matupu Jumapili au kwenye kiwanja cha shule wakati wa likizo, naona jambo lilelile. Gari linavuta kushoto, na kabla halijamrudia mwenyewe, kidole gumba kimeshafika kwenye trimu. Trimu ni kile kitufe au kigurudumu kidogo kilicho karibu na usukani wa rimoti. Ukikigusa, savo, yaani kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele, inahama kidogo kutoka katikati yake, na gari linaonekana limenyooka.

Linaonekana tu. Naomba tulizungumze hili kwa kirefu, kwa sababu ni kazi ninayoipenda kwa dhati, na kutoijua kunawanyima raha watu wengi. Mtu anajinyima mpaka anapata gari, anaagiza mota yenye nguvu zaidi, anabadili betri, halafu gari lenyewe linatembea kiubavu kama kaa. Mwisho anasema kampuni hii inatengeneza magari mabovu. Gari halina ubovu. Halijapigwa alaimenti, yaani magurudumu yake hayajapangwa pembe na mwelekeo.

Trimu haigusi kitu kingine chochote zaidi ya savo. Kama gurudumu moja la nyuma limeelekea nje, litabaki hivyo hivyo. Kama pini ya mkono unaoshikilia gurudumu imepinda, itabaki imepinda. Ulichofanya ni kuyaamuru magurudumu ya mbele yapingane na ya nyuma muda wote gari linapokwenda. Kuanzia hapo gari litakata kona ya kulia vizuri na ya kushoto kwa shida, au kinyume chake, kwa kuwa savo iliyohamishwa katikati imebakiwa na nafasi ndogo upande mmoja. Matairi yataburuzwa badala ya kuviringika, mota itachemka mapema, na chaji itakwisha wakati wenzako bado wanakimbiza. Ukifunga breki kwa nguvu, uzito unahamia mbele, ule ulinganifu wa kulazimisha unavunjika, na pua inakwenda inakotaka.

Trimu ina kazi yake halali, nitaifikia. Kwanza twende nyuma.

Mpwa wangu aliniletea gari lake, la kipimo cha moja kwa kumi, lile umbo la gari la barabarani lenye bodi ya plastiki laini na mota inayozungusha magurudumu yote manne. Aliniamkia, kisha moja kwa moja akaingia kwenye tatizo.

“Anko, linavuta kushoto nikikanyaga mafuta. Nikiachia, linanyooka.”

Gari ni la betri; “mafuta” kwetu ni kitufe cha mwendo kwenye rimoti. Sentensi hiyo peke yake ni nusu ya uchunguzi. Gari linalovuta wakati wote, likiwa na mafuta au bila, mara nyingi lina shida mbele: rodi za stelingi hazilingani, savo haiko katikati, au beringi ya gurudumu moja inakwama. Gari linalovuta pale tu linapopewa nguvu linakuelekeza nyuma. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na ya nyuma yanashika usukani. Hapo ndipo upande ambao nyuma imeelekea unapoonekana.

Tulilitoa bodi, tukalipindua, nikamwambia ashike gurudumu la nyuma la kushoto kwa vidole viwili, alisukume mbele na nyuma, juu na chini, taratibu. Lilicheza kidogo sana, kama inavyotakiwa. Akaenda la kulia. Lilicheza vilevile, ila ukiliangalia kwa juu lilikuwa karibu sambamba na chasisi, wakati mwenzake wa kushoto ameinamisha uso ndani waziwazi. Tukachomoa pini inayoushikilia mkono wa chini wa kulia. Ni kijiti cha chuma cha milimita 3 tu. Nikaiviringisha juu ya kioo. Pini iliyonyooka huviringika kimya na kwa mwendo mmoja. Ile ilikuwa inagonga, tak, tak, tak, na kila inapogonga unaona mwanga ukipita chini yake katikati. Alikuwa ameligonga gari kwenye ukingo wa barabara, upande huohuo.

Sasa hesabu yake iko hivi. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limefunga ndani kwa digrii 3, la kulia kwa digrii 1. La kushoto linasukuma kuelekea kulia, la kulia linasukuma kuelekea kushoto, ila halina nguvu ya kushindana na mwenzake. Tofauti yao ikigawanywa, ekseli nzima ya nyuma imeelekea kulia kwa digrii 1. Nyuma ya gari inasogea kulia, pua inaangalia kushoto, na dereva anasema linavuta kushoto. Mtu akienda kwenye trimu na kugeuza magurudumu ya mbele kulia, gari litakwenda mbele kweli, lakini likiwa limekaa mshazari. Ukisimama nyuma yake linapoondoka, utaona ubavu wake mmoja.

Ndiyo maana nasema anzia nyuma. Hata kwenye gereji za magari makubwa zenye mashine ya kupima magurudumu yote manne, kama gari lina marekebisho ya nyuma, fundi anayejua kazi huanza huko, kisha mbele inalinganishwa na mwelekeo ambao nyuma imeuweka. Gari letu dogo linafuata kanuni hiyohiyo bila kupunguza chochote.

Ila kabla ya kupima nyuzi yoyote ya pembe, kuna kazi ya mikono isiyo na vipimo, na naiheshimu kuliko vipimo vyenyewe. Shika kila gurudumu ulitikise. Magari mengi ya kuanzia huja na bushi za plastiki badala ya beringi, na vumbi la kwetu huzila haraka. Gurudumu likianza kucheza, kila kipimo utakachochukua leo kesho kitakuwa kingine. Beringi za milimita 5 kwa 11 kwa 4 zinatumika kwenye magari mengi sana ya kipimo hiki, kwa hiyo ukizunguka maduka ya beringi Kariakoo na kipande chako mkononi unaweza kupata. Kagua bolijointi za plastiki: zikilegea, rodi inakwenda mbele na nyuma ndani ya kikombe chake. Ng'oa shokapu zote nne, ziweke mbili mbili ubavu kwa ubavu, zilingane urefu hadi unywele. Shokapu moja ikiwa ndefu kwa milimita 1, kona moja ya gari imesimama juu ya wenzake na huwezi kupima kitu. Linganisha pia matairi. Tairi lililolika upande mmoja ni dogo kuliko mwenzake, na tairi dogo linavuta gari hata kama pembe zote ziko sawa.

Watu wanaoendesha Coco Beach nawaomba wawe wakali zaidi na ukaguzi huu. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hailali. Gari likitoka ufukweni likalala bila kusafishwa, pini zinaota kutu ndani ya mikono ya plastiki, mikono inakuwa mizito kushuka na kupanda, na springi inashindwa kuirudisha mahali pake. Mkono wa chini, ukishachomoa shokapu, unatakiwa uanguke wenyewe kwa uzito wake. Ukibaki umesimama hewani, usiendelee na alaimenti. Safisha kwanza.

Baada ya hapo unahitaji mahali tambarare. Meza ya mbao si tambarare, na sakafu ya taizi nayo mara nyingi ina vilima visivyoonekana. Nenda kwa fundi wa vioo na aluminiamu, hawakosekani mtaa wowote wa jiji hili, mwombe kipande cha kioo cha milimita 6, kama sentimita 40 kwa 60, akusagie kingo zisikukate. Ukiwa hapohapo, mwombe na mabaki ya bapa la aluminiamu, vipande viwili vilivyonyooka vya sentimita 30. Fundi anayetupa mabaki kila siku hatakutoza sana.

Kioo kina faida nyingine ambayo vibao vya kununua havina: unaona chini yake. Weka karatasi za grafu chini ya kioo, zilizoungwa kwa uangalifu, uchore mstari mmoja mnene wa katikati. Weka kioo juu, kisha kilaze kwa pimamaji, ukitia vipande vya karatasi chini ya kona mpaka kitulie pande zote mbili. Sasa gari likikaa juu yake, mstari wa katikati wa chasisi ukiwa juu ya mstari wako mnene, kila mstari wa grafu unaokwenda mbele na nyuma ni rula inayokuambia gurudumu limeelekea wapi. Chasisi nyingi zina matundu ya skrubu katikati, mbele na nyuma. Hayo ndiyo ya kulengea.

Gari liwe na kila kitu ndani yake: betri, bodi kama unaweza kupima ikiwepo, vyote. Betri ni mzigo mkubwa kwenye gari dogo, na bila hiyo gari linasimama juu kuliko litakavyosimama likikimbia. Liinue sentimita chache uliachie lidondoke, mara mbili au tatu, ili springi zitulie. Kisha pima urefu wa chasisi kutoka kwenye kioo. Kwenye lami laini ya mashindano watu hushuka hadi milimita 5. Kwa maegesho yetu yenye kokoto, nyufa na pevingi zilizoinuka, mimi sishuki chini ya 7. Chasisi inayokwaruza chini inainua magurudumu, na gurudumu lililo hewani halina alaimenti.

Kemba inafuata. Lisimamishe gari, liangalie kwa mbele: gurudumu limeinama ndani kwa juu, limesimama wima, au limeinama nje? Kuinama ndani kwa juu ndiyo kemba hasi, na karibu kila gari linaihitaji kidogo, kwa sababu kwenye kona gari hulala upande wa nje na kulivuta gurudumu la nje lisimamie ukingo wake. Ukiliinamisha ndani mapema, linapolala linakanyaga kwa upana wote. Kati ya digrii 1 na 2 ni mahali pazuri pa kuanzia. Nyuma naweka zaidi kidogo kuliko mbele.

Huhitaji chombo cha gharama. Chukua kiguni cha seremala, kisimamishe kwenye kioo kikiwa kimegusa tairi sehemu ya chini, uone nafasi iliyobaki kati ya kiguni na tairi sehemu ya juu. Tairi la gari la barabarani la kipimo hiki lina kipenyo cha kama milimita 64. Pitisha biti ya drili ya milimita 2 kwenye nafasi hiyo. Ikipita kwa kugusa, una takriban digrii 1.8. Ya milimita 1 ikipita kwa kugusa, una karibu digrii 0.9. Biti za drili ni vipimo sahihi ambavyo tayari viko nyumbani kwa watu wengi, na vikipotea vinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Jambo la msingi ni kulia na kushoto kulingana. Bora digrii 2 pande zote mbili kuliko 1 huku na 1.5 kule.

Kurekebisha ni kwa rodi ya juu. Rodi nzuri ina hesi ya kulia mwisho mmoja na ya kushoto mwisho wa pili, hivyo ukiizungusha katikati kwa spana ndogo inarefuka au kufupika bila kung'olewa. Hesi za milimita 3 hutembea nusu milimita kwa kila mzunguko. Kwa kuwa ncha zote mbili zinatembea pamoja, mzunguko mmoja ni milimita 1 nzima. Kwenye rodi ya kemba, kama umbali kati ya bolijointi ya juu na pini ya chini ya habu, yaani kile kipande kinachobeba gurudumu, ni milimita 30, mzunguko mmoja unakupa karibu digrii 2. Zungusha robo, pima, zungusha tena. Rodi zote nne zifungwe zikiangalia upande mmoja, mwisho wenye hesi ya kushoto uwe daima kushoto mwa gari. Nyingi zina kialama upande huo. Siku utakaporekebisha haraka jua likikaribia kuzama, mkono utajua wenyewe uzungushe wapi.

TT-02, gari la rimoti la kampuni ya Tamiya lililotoka mwaka 2013 na ambayo wengi huanza nayo, haina marekebisho haya ya kemba ikitoka kwenye boksi lake. Mikono yake ya juu ni plastiki ya kipande kimoja. Anayetaka kurekebisha hununua mikono ya juu yenye rodi. Nadhani ni moja ya manunuzi machache yanayostahili mapema, kabla ya mota, kabla ya magurudumu ya kung'aa.

Sasa tou-ini na tou-auti, yaani magurudumu kuangaliana au kupeana kisogo ukiyatazama kwa juu. Hapa ndipo bapa za aluminiamu zinapofanya kazi. Lifunge bapa kwa mpira wa kubania noti kwenye uso wa rimu, likiwa limelala sambamba na kioo na karibu kukigusa. Kabla ya hapo weka alama mbili kwenye kila bapa, zikiachana kwa milimita 286. Nimechagua namba hiyo kwa sababu: kwa urefu huo, kila milimita 5 za tofauti ni digrii 1 kamili, bila kikokotoo. Kwa gari kubwa au dogo unaweza kutumia kanuni yenyewe, kwamba kwa kila milimita 57 za urefu, milimita 1 ni digrii 1.

Chungulia kutoka juu kabisa, jicho moja limefungwa, usome alama ya mbele ya bapa iko kwenye mstari gani wa grafu na ya nyuma iko mstari gani. Alama ya nyuma ikisoma milimita 15 nje zaidi kuliko ya mbele, gurudumu hilo lina digrii 3 za tou-ini. Fanya kila gurudumu peke yake. Huu ndio ubora wa grafu chini ya kioo, kwa maana watu wengi hupima umbali kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, wakapata jumla sahihi, wasijue kwamba moja limebeba digrii zote na jingine halina kitu. Gari la mpwa wangu lingepita mtihani huo bila wasiwasi: jumla digrii 4, wastani 2 kila upande, kwenye karatasi safi kabisa.

Nyuma huwekwa tou-ini siku zote, digrii 2 hadi 3 kwa kila gurudumu. Inalifanya gari litulie likipewa mafuta. Tou-auti nyuma inalifanya lizunguke ghafla, nami simshauri mtu. Kwenye lami yetu yenye vumbi jembamba juu, hasa kabla ya masika kuja kuisafisha, naweka 3 na sijawahi kutamani pungufu. Marekebisho yenyewe hutegemea gari: mengine yana vipande vidogo vya plastiki vinavyoingia kwenye vishikio vya pini, vikiwa na namba, mengine unaongeza washa nyembamba kati ya kishikio na chasisi, na mengine pembe imefinyangwa ndani ya habu yenyewe, huwezi kuibadili mpaka ubadili habu. La mpwa wangu lilihitaji pini mpya tu. Tulipoiweka, kulia kukasoma digrii 3 kama kushoto.

Nyuma ikishakaa sawa, mbele ni raha. Washa rimoti, kisha gari, trimu zote ziwe sifuri. Ng'oa mkono wa savo, acha savo ijipeleke katikati, ndipo uurudishe mkono ukiwa umesimama wima kadiri inavyowezekana. Kadiri inavyowezekana, kwa sababu shafti ya savo ina meno, na idadi yake hutegemea kampuni: 25 kwa Futaba, 24 kwa Hitec, 23 kwa Sanwa. Kwa meno 25, kuruka jino moja ni digrii 14.4, kwa hiyo mkono unaweza kukataa kusimama wima kamili. Hapa ndipo trimu inapopata kazi yake halali. Tumia ile trimu ya ndani ya menyu, kama rimoti yako inayo, kuumalizia mkono hadi wima. Baada ya hapo usiiguse tena. Kila kitu kinachobaki kinarekebishwa kwa spana.

Rodi za stelingi za kulia na kushoto zianze zikiwa na urefu sawa, zikipimwa kwa kalipa kutoka katikati ya bolijointi moja hadi nyingine. Kisha soma bapa. Kwenye stelingi, ambako mkono wa habu una urefu wa kama milimita 20, mzunguko mmoja wa rodi ni karibu digrii 3, kwa hiyo kazi hapa ni ya robo mzunguko na chini ya hapo. Magurudumu ya mbele yakiwa sambamba kabisa, au yakipeana kisogo kwa digrii nusu hadi 1, gari linaingia kona kwa wepesi. Yakiangaliana kidogo, linatulia kwenye mwendo ulionyooka lakini linachelewa kuitika usukani. Kwa anayejifunza naweka sambamba, sifuri kwa sifuri, maana hapo kosa la mkono na kosa la gari yanatofautika.

Rudia kupima kemba ya mbele baada ya hapo, na tou baada ya kemba. Vinasukumana. Duru ya pili huwa fupi.

Geuza usukani mpaka mwisho, uangalie magurudumu ya mbele. La ndani ya kona linatakiwa kugeuka zaidi kuliko la nje, kwa kuwa linazunguka duara dogo zaidi. Wazo hilo ni la Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na Rudolph Ackermann akalisajili Uingereza mwaka 1818 kama wakala wake; jina lililobaki midomoni mwa mafundi wa dunia nzima ni la wakala. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinanifurahisha kwamba gari la plastiki linalotoshea kwenye begi la shule bado linakata kona kwa hesabu ya magari ya farasi. Unachohitaji kuhakikisha ni kwamba ukigeuza kulia hadi mwisho, gurudumu la kulia linafikia pembe ileile ambayo la kushoto linafikia ukigeuza kushoto. Zikitofautiana, punguza mwisho wa upande unaozidi kwenye rimoti.

Kilichobaki ni kwenda kulijaribu, na hapa kuna mtego wa kwetu. Maegesho hujengwa kwa mteremko ili maji ya mvua yaende mtaroni. Kwa macho pako sawa, lakini gari jepesi linausikia mteremko huo na kuufuata. Kwa hiyo jaribu mstari uleule kwenda na kurudi. Likivuta kushoto kwake likienda na kulia kwake likirudi, hilo ni eneo, linakwenda upande uleule wa mtaro. Likivuta kushoto kwake lenyewe kote kuwili, hilo ni gari. Mistari ya pevingi au ya rangi ya maegesho ni mizuri kulengea. Ondoka polepole, kisha rudia kwa mafuta mengi, kisha achia mafuta katikati ya mwendo. Ukiona tofauti kati ya hali hizo tatu, unajua urudi mbele au nyuma.

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Mimi naandika tarehe, eneo, joto la lami kwa kiganja tu, ya moto, ya vuguvugu au baridi, na vipimo vya kila gurudumu. Lami ya saa nane mchana wa Januari hushika matairi tofauti kabisa na ya saa kumi na mbili jioni, na gari lililokuwa tulivu mchana linaweza kuanza kuteleza jioni bila spana yoyote kuguswa. Karatasi za vipimo ambazo madereva wakubwa wa nje huzitoa kwa umma nazisoma kwa heshima, ila nyingi zimepimwa kwenye zulia la ndani ya ukumbi au lami iliyofagiwa. Ninachochukua kwao ni mwelekeo, kwamba wameongeza au wamepunguza na kwa nini. Namba zenyewe nazitafuta kwenye eneo langu.

Matairi nayo yanaandika. Ukingo wa ndani ukilika peke yake, kemba imezidi. Ukingo wa nje ukilika, haitoshi. Ukiona vinyweleo vya mpira vimelala upande mmoja kwenye uso mzima wa tairi la mbele, kama umesuguliwa kwa msasa, hiyo ni tou: gurudumu limekuwa likiburuzwa kiubavu. Na kila baada ya kugonga kitu kigumu, hata kama gari limeendelea kutembea, viringisha pini juu ya kioo na usome bapa za nyuma kabla hujarudi barabarani.

Kwa wenye magari ya bei ya chini, yale ambayo rodi za stelingi ni plastiki ya urefu mmoja, msikate tamaa. Kata kipande cha chuma chenye hesi za milimita 3, kinapatikana eneo la Gerezani hapa Dar kwa wauza bolti na nati, uweke bolijointi za plastiki kila mwisho. Hesi yake ni ya upande mmoja, kwa hiyo utalazimika kung'oa mwisho mmoja kila unaporekebisha, lakini nusu mzunguko inakupa robo milimita, ambayo kwenye mkono wa milimita 20 ni digrii 0.7. Hiyo inatosha kabisa kunyoosha mbele. Nyuma, ambako hakuna marekebisho, tafuta habu na pini ambazo hazijapinda, na uchague seti inayosoma sawa kulia na kushoto.